Sura ya Tatu: Chungu ni Kimoja

Karatasi ya maabara imeandikwa 6.4. Ulipima asubuhi, hujatia kitu tumboni, na daktari amekwambia kwamba huna kisukari ila umeshaingia njia inayoelekea huko. Punguza wanga, acha sukari, tembea, rudi baada ya miezi mitatu. Unafika nyumbani: chai imeshapikwa na sukari imo ndani ya chupa, ugali wa watu saba uko jikoni, na katika hao saba hakuna hata mmoja aliyeambiwa chochote.

Naanza hapo kwa sababu hapo ndipo ushauri mwingi unapokufa. Unatolewa kwa mtu mmoja, ilhali nyumba nyingi za kwetu hazina chakula cha mtu mmoja. Unga hununuliwa kwa wote, chungu huinjikwa kwa wote, na huku Pwani bado wapo wengi wanaokula sinia moja. Familia ikisikia kwamba baba ana dalili za sukari, hufanya kile mapenzi yanachoagiza: humtengea sufuria ndogo ya chakula cha mgonjwa, mboga ya kuchemsha isiyo na ladha na kipande cha ugali wa dona. Baba hukivumilia wiki mbili huku akiwatazama wenzake wanakula pilau. Ya tatu anarudi siniani. Simlaumu. Chakula cha kutengwa kinamkumbusha mtu kila siku kwamba ni mgonjwa, na yeye haumwi popote. Msimamo wangu katika sura hii ni kwamba tukibadili chungu cha nyumba nzima, taratibu, kwa vyakula vilevile tulivyokulia, yule mwenye karatasi ya maabara atabadilika bila kutengwa, na waliobaki watakingwa kabla hawajapewa karatasi zao.

Kwanza tuielewe hiyo namba. Kwa mtu aliyepimwa kabla ya kula, Shirika la Afya Duniani huhesabu milimoli 6.1 hadi 6.9 kwa lita kuwa sukari iliyopanda bila kufikia kisukari. Chama cha Kisukari cha Marekani huanzia chini zaidi, kwenye 5.6. Ikifika 7.0 na kuthibitishwa kwa kipimo cha pili, hicho ni kisukari. Kipo pia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili au mitatu iliyopita: kwa hesabu ya Wamarekani, asilimia 5.7 hadi 6.4 ni hatua ya kabla ya kisukari, na 6.5 na kuendelea ni kisukari chenyewe. Kwa nchi zetu kuna jambo la kuongeza. Siko seli, hata kwa aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, na aina kadhaa za upungufu wa damu zinaweza kukipotosha kipimo hicho. Kama ukoo wenu una historia hiyo, mwambie daktari ili akupime kwa njia nyingine. Na kidole kilichotobolewa mara moja kwenye banda la maonyesho hakitoshi kukupa jina la ugonjwa, nenda maabara.

Mwilini kinachotokea ni hiki. Wanga wote, uwe wa ugali, wali, chapati, ndizi au muhogo, humeng'enywa ukawa glukosi, nayo huingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, homoni inayoiwezesha misuli kuichukua glukosi hiyo na kulifanya ini liiweke akiba. Mafuta yakijaa tumboni na kwenye ini, na misuli ikikaa bila kazi, mwili huanza kuikaidi insulini. Kongosho hujitahidi kutoa nyingi zaidi, na kwa miaka kadhaa linaweza kufaulu kabisa. Linapoanza kuzidiwa ndipo namba inapopanda. Ndiyo maana mtu hasikii kitu katika hatua hii, hana kiu kali wala haamki usiku mara kwa mara kwenda msalani, na ndiyo maana wengi hugundua kwa bahati, wamepimwa kwa jambo jingine. Wembamba nao si kinga. Kitambi kidogo kwa mtu mwembamba, kama wazazi walikuwa na sukari, kinatosha kuleta shida.

Je, kubadili chakula kunasaidia kweli? Swali hili limejibiwa kwa watu halisi, waliofuatiliwa kwa miaka. Mwaka 1986, katika mji wa Da Qing kaskazini mashariki mwa China, madaktari waliwachukua watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufika kisukari. Wengine walibadilishiwa mlo, wengine wakaongezewa mazoezi, wengine vyote viwili, na kundi moja likaachwa lilivyo. Baada ya miaka sita, hatari ya kupata kisukari ilikuwa imepungua kwa asilimia 31 kwa waliobadili mlo, 46 kwa wa mazoezi na 42 kwa waliofanya vyote. Finland walichapisha matokeo yao mwaka 2001, Marekani mwaka 2002 kwa watu 3,234, na kote kuwili hatari ilishuka kwa asilimia 58. Huko Marekani dawa ya metformin peke yake iliishusha kwa asilimia 31, yaani sahani na miguu vilishinda kidonge. Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa India, uliotoka mwaka 2006, kwa sababu ile ni nchi ya wali, chapati na chai ya sukari kama yetu. Punguzo lao lilikuwa dogo zaidi, asilimia 28.5, na washiriki hawakupungua uzito kwa kiasi cha kutajwa. Hata hivyo walinufaika. Wamarekani walikuwa wamewekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito. Kwa mwenye kilo 80 hiyo ni kilo tano na nusu hivi. Wala si lazima urudi kwenye suruali ya ujana wako.

Kwetu haja imekuwa kubwa. Mwaka 1989 Donald McLarty, aliyekuwa daktari na mwalimu Muhimbili, na wenzake walichapisha matokeo ya kupima watu wazima katika vijiji sita vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika mmoja kwa kila mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban tisa kwa kila mia kati ya watu wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo hazikupima kwa namna moja, na ule wa kwanza ulikuwa wa vijijini tu, kwa hiyo tusizilinganishe kana kwamba ni mizani ileile. Lakini atembeleaye kliniki ya kisukari ya mji wowote hahitaji mizani kuona foleni ilivyo.

Tuanze na chai, maana hakuna sehemu ya mlo wetu inayorekebishika haraka kama hiyo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku, na ikiwezekana ishuke hadi chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Sasa piga hesabu. Kijiko kisichojazwa kilima kina gramu nne hivi. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, ni gramu 36. Hujanywa soda, na soda moja ya chupa ya kioo inabeba zaidi ya gramu 30. Hujagusa andazi.

Ugumu ni kwamba katika nyumba nyingi mtu hatii sukari yake mwenyewe. Hutiwa mara moja, kwenye sufuria au kwenye chupa ya chai, na anayepika hukisia utamu wa wote kwa kumfuata anayependa utamu zaidi. Badiliko la kwanza ninaloliomba kwa kila nyumba ni hilo: chai iingie kwenye chupa bila sukari, kopo la sukari likae mezani na kijiko kidogo. Hakuna aliyenyang'anywa kitu. Kila mmoja anaiona kwa macho sukari anayoinywa, na kuiona tu huipunguza. Kisha ondoa nusu kijiko kila baada ya wiki moja au mbili. Ulimi huzoea, chai iliyokuwa chungu mwezi wa kwanza huja kuwa ya kawaida, na ile ya zamani ukipewa ugenini unaiona kama sharubati. Tangawizi, iliki, mchaichai na mdalasini vinasaidia sana katika kipindi hicho, kwa harufu na ladha yake. Sivitaji kama dawa. Asali na sukari guru, ambazo watu hukimbilia wakidhani wameepuka, zihesabu pamoja na sukari nyingine.

Vitafunwa ndipo mambo yanapokuwa mazito. Chapati mbili, au maandazi matatu, au vitumbua ambavyo ni mchele, nazi na sukari kwa pamoja, ni wanga juu ya wanga, pamoja na mafuta ya kukaangia, na kando yake hakuna cha kuupunguza mwendo. Saa nne mtu ana njaa tena. Watu wa Mombasa, Tanga na Zanzibar tayari wana jibu mezani, wameligeuza tu juu chini: mahamri na mbaazi za nazi. Kwa kawaida mahamri huwa manne na mbaazi ni ya kuchovyea. Jaza bakuli la mbaazi, ule na hamri moja. Wa Dar wanaopenda supu asubuhi wabaki na supu yao, waongeze ndimu na pilipili, wapunguze chapati iwe moja au nusu. Mayai ya kuchemsha na kachumbari, yale yanayotembezwa na vijana barabarani, ni kifungua kinywa kizuri kuliko watu wanavyokidhania. Muhogo, kiazi kitamu au gimbi la kuchemsha linaruhusiwa, kipande kimoja au viwili, na hicho ndicho wanga wa asubuhi hiyo. Usilete na mkate.

Ugali sitaki uuache. Daktari anayemwambia Mtanzania aache ugali amemwambia asirudi tena kliniki. Swali ni kiasi gani, ukifuatana na nini, na unaingia tumboni saa ngapi ya mlo. Kuhusu unga, dona ni bora kuliko sembe: mashine ya kukoboa huondoa pumba na kiini cha punje, na humo ndimo mlimokuwa na nyuzinyuzi, mafuta mazuri na vitamini. Kwa sababu ya mafuta hayo dona haikai muda mrefu, basi nunua kidogo kidogo. Lakini nawasihi wasomaji wasijidanganye kwa rangi ya unga. Mlima wa dona ni mlima. Hali kadhalika ugali wa mtama, wa ulezi na wa muhogo. Nimewaona watu waliohamia dona kwa imani kubwa, wakaongeza tonge kwa kuwa sasa ni "chakula cha afya", na namba yao haikusogea.

Sahani inayopendekezwa na wataalamu wengi ni hii: nusu yake mboga, robo wanga, robo maharage, samaki, dagaa, kuku au nyama. Sahani ya kwetu kwa kawaida iko kinyume, ugali umeshika robo tatu na mchicha umebanwa pembeni kama kitoweo. Kwa wanaokula sinia moja, sahani ya kupimia haipo, kwa hiyo pimo lifanyike jikoni. Kama nyumba hupika unga kilo moja, pika robo tatu kilo. Kama hununua mafungu mawili ya matembele, nunua manne. Hapo anayekula amepunguza wanga bila kuhesabiwa matonge mbele ya wanawe, jambo ambalo hakuna baba wala mama anayelipenda. Na mboga hizo si adha ya hospitali: mchicha wa nazi nyepesi, kisamvu, majani ya maboga, mlenda, bamia, ngogwe, bilinganya, tembele lililokatwakatwa na nyanya na kitunguu. Punguza mafuta ya kuungia, usiache kuunga.

Kisha mpangilio. Watafiti wa New York walichapisha mwaka 2015 utafiti mdogo wa watu 11 wenye kisukari. Walipewa chakula kilekile siku mbili tofauti: siku moja walianza na wanga, siku nyingine walianza na mboga na kuku, wanga ukaja robo saa baadaye. Walipoanza na mboga na kuku, sukari yao baada ya nusu saa ilikuwa chini kwa asilimia 29 hivi, na baada ya saa nzima kwa asilimia 37. Ni watu wachache, na ningependa kuona jambo hilo likipimwa kwa ugali na mlenda. Ila halina gharama wala madhara. Anza na kachumbari au bakuli la mboga, kula maharage yako na samaki, halafu ndipo uukamate ugali ukiwa umeshapunguza njaa.

Jamii ya kunde nitaisemea kwa sauti. David Jenkins na wenzake wa Toronto walipochapisha mwaka 1981 jedwali lao la vyakula 62, wakivilinganisha kwa namna vinavyopandisha sukari ya damu, kunde na jamaa zake ndizo zilizokuwa chini kabisa kati ya vyakula vya wanga. Sisi tunazo zote: maharage, choroko, mbaazi, kunde, dengu, fiwi. Tunavyo hata vyakula vilivyokwisha kuchanganywa. Makande ya Wapare, mahindi mazima na maharage chungu kimoja, ni mlo ambao mtaalamu wa lishe angeweza kuubuni akausifu. Wakenya wana githeri yao. Ni aibu kwamba mtu akipata uwezo huona makande ni chakula cha bweni, akahamia chipsi.

Najua kuna atakayesema mambo haya ni ya wenye nacho. Ana sehemu ya haki. Wanga ndiyo shibe ya bei rahisi, na mpagazi anayebeba magunia soko la Tandale tangu alfajiri anahitaji ugali wake, misuli yake inautumia. Sehemu kubwa ya sura hii inamhusu mwenzake anayekaa ofisini, dukani au kwenye bodaboda siku nzima na kula sawasawa na mpagazi. Tena, nilichopendekeza hadi sasa kinapunguza sukari, unga, ngano, mafuta na soda, vitu vyenye bei, na kuongeza mchicha, dagaa na kunde. Hakuna lazima ya mkate maalumu, maziwa ya lozi wala unga wa kopo wenye picha ya daktari. Uji wa lishe wenye nafaka kumi na vijiko vinne vya sukari ni uji wa sukari.

Matunda kula, kwa kutafuna: chungwa zima, pera, kipande cha papai, nusu ya embe kubwa. Juisi, hata ya kukamua nyumbani, humfikishia mtu sukari ya machungwa manne kwa mkupuo mmoja, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio. Juisi ya miwa iache.

Ugenini na sherehe huwatisha watu kuliko jiko lao. Kukataa chakula kwetu ni kumkataa mwenyeji. Bibi atakuuliza, "Mwanangu, mbona huli? Au sijapika vizuri?" Usimjibu kwa namba za maabara. Omba kuongezewa: "Bibi, niongezee samaki na huo mchicha, wali umenitosha." Aliyepika anachotaka kuona ni sahani ikirudi kwake kwa mara ya pili, na umempa. Harusini chagua wanga mmoja, kama ni pilau basi pilau, na ndizi, chapati na soda zipite.

Ramadhani inataka neno lake. Mtu mzima asiyetumia dawa za kushusha sukari kwa kawaida anaweza kufunga bila taabu, na mwezi huo ungeweza kumsaidia. Kinachoharibu ni futari: uji wa sukari, tambi, kaimati, viazi, magimbi na mihogo ya nazi vimetandazwa pamoja, kisha daku ya wali. Fungua kwa tende moja au mbili na maji, sali, rudi kwa supu na maharage au samaki, chagua kimoja tu kati ya viazi, magimbi na mihogo. Kaimati na tambi zipewe siku zake katika wiki. Mwenye nyumba anayeagiza futari asisubiri mpishi amkisie. Aseme mapema, kabla ya mwezi kuandama.

Chakula cha usiku mjini huliwa saa tatu au saa nne, foleni zikishaisha, na baada ya hapo ni kitanda. Ukiweza, kisogeze mapema na kiwe ndicho chepesi. Ukishindwa, tembea. Misuli inayofanya kazi huchukua glukosi hata insulini ikiwa inakaidiwa. Utafiti mwingine mdogo wa Marekani, wa mwaka 2013, ulionyesha kwamba wazee waliotembea dakika 15 baada ya kila mlo walidhibiti sukari ya usiku vizuri kuliko walipotembea dakika 45 kwa mkupuo. Zunguka mtaa na mwenzio, peleka vyombo kwa jirani, nenda msikitini kwa miguu.

Aliye na ujauzito, mwenye ugonjwa wa figo, na anayemeza dawa za kisukari wasibadili mlo kwa kusoma kitabu tu. Waonane kwanza na daktari au ofisa lishe. Na yeyote anayeuziwa unga wa mlonge au dawa ya chupa kwa ahadi kwamba ataendelea kula atakavyo, anauziwa uongo.

Miezi mitatu ikifika rudi kupima, hata kama unajisikia vizuri, na baada ya hapo angalau mara moja kila mwaka. Safari hiyo usiifanye peke yako. Mwenye mzazi, kaka au dada aliye katika hali hii yumo hatarini zaidi kuliko mtu mwingine, na wengi wao hawajawahi kupimwa hata mara moja. Wapigie simu wiki hii, mpange siku ya kwenda wote.